Bukama Uliyoninyima

Patron,

Nianze na lililo rohoni, maana nikianza na salamu nitazunguka weee na mwisho nitakusifu, na leo sikukaa kukusifu. Nina wivu. Miezi kumi na moja imepita tangu tukuzike na bado nina wivu, wa kunifanya niache ugali sahanini. Hapa kwetu tunasema jaluzi, nawe, bosi wangu, ulikuwa ukinicheka mbele ya wateja: "Mukendi, hii jaluzi itakuzeesha mbele ya mi." Basi nimeshazeeka. Kichwa changu sasa kina mvi kukushinda wewe ulivyoondoka.

Kwanza habari za nyumbani. Atelye, chumba chetu cha kuchorea, iko pale pale mtaa wa Katuba. Mjane wako Mama Georgette hakuifunga kama shemeji zake walivyotaka. Upande wa barabarani ameweka meza ya kuuza makaa, upande wa ndani bado ni sisi wawili, mimi na Ilunga. Bati lile la juu ya mlango linavuja vilevile, tumeweka ndoo. Ilunga anavaa kofia yako. Hakuuliza mtu, alikuja nayo kichwani Jumatatu moja, na siku ile nilichora mawingu ya mvua kwenye tablo, yaani picha, ya mteja aliyeomba jua. Ilibidi niyafute yote na kuanza upya.

Unajua mwenyewe tulivyokuwa tukifanya kazi. Mimi natandaza kitambaa cha mifuko ya unga kwenye fremu, nakipaka rangi ya chini, halafu mbingu, halafu maji. Ilunga anaweka daraja, gari-moshi, nyumba, miti. Na mwisho unakuja wewe na burashi nyembamba kuweka watu: wavuvi, akina mama wa samaki, mzungu wa kofia kwenye kituo. Anayeweka watu ndiye anayeandika jina pembeni, hiyo ndiyo sheria ya atelye. Miaka ishirini na mbili nilikuomba uniache niweke japo mtoto mmoja ukingoni, na jibu lilikuwa lile lile. "Weye piga mayi. Bantu mi mwenyewe njo nitaweka." Mimi maji, wewe watu.

Na karibu kila tablo ilikuwa Bukama. Mji wako ulikozaliwa, kwenye mto Lualaba, pale reli iliyotoka huku kwetu ilipokuwa ikikomea zamani, watu wakashuka na mizigo yao na kupanda mashua za moshi kwenda kaskazini. Nusu ya Katuba, babu zao walipita pale wakija kutafuta kazi ya mgodi na ya reli. Ndiyo maana waliitaka kwenye salon zao, sebuleni, ukutani juu ya kochi, mahali pa kuonwa na mgeni. Mtu alikuwa akiingia atelye anasema tu, nipe Bukama, kama anayeomba chumvi.

Kila kiangazi ulifunga begi lako ukaenda huko, na ukamchukua Ilunga. Mwaka wa kwanza nilisema sawa, Ilunga ni wa kabila lako, ana shangazi pale. Mwaka wa tano niliacha kusema sawa. Mlikuwa mkirudi na samaki wa moshi ndani ya makaratasi, na nguo zenu zinanuka mto, na maneno ambayo hamkuyamaliza kwa sababu nyote wawili mlishajua mwisho wake. Ilunga anasema, "Patron, unakumbuka yule mama wa mtumbwi?" na nyinyi mnacheka, na mimi nimeshika burashi sijui nicheke nini. Mlipokuwa huko mimi nilikuwa nachora maji ya mji nisioujua, tablo baada ya tablo, ili mkirudi mkute kazi iko tayari.

Sikukuuliza kwa nini. Niliogopa jibu. Mimi ni mtoto wa Kasai, nimezaliwa hapa hapa Lubumbashi, baba yangu amezikwa hapa, lakini kuna siku mtu anakukumbusha kwamba jina lako ni la kwingine. Nilijiambia, Patron ni mtu mwema, ananipa kazi, anakula nami, ila kwao hawezi kunipeleka. Kwao ni kwao. Niliiamini hiyo miaka yote, na nilikupenda nayo ikiwa kooni. Nisamehe kwa hilo, ila ningelijuaje?

Sasa sikia kilichonitoa nyumbani. Unaikumbuka ile tablo kubwa, uliyosema hii si ya mteja, hii ni ya salon yangu mwenyewe. Ulipolala mara ya mwisho ilikuwa na mbingu yangu, maji yangu, na daraja la Ilunga. Mtu hata mmoja hakuwemo. Mama Georgette aliigeuza uso ukutani ile wiki ya msiba, na miezi ikapita. Halafu familia ikakaa kupanga siku ya kutoa kilio, kumaliza matanga, mwaka ukitimia, na Mama akasema siku hiyo anataka tablo itundikwe salon ikiwa imekwisha, na watu ndani. Basi nani ataweka watu?

Mdogo wako hakusubiri hata chai imiminwe. Alisema ni Ilunga, bila maneno mengi, kwa sababu Ilunga anapajua. Nilisema mimi ndiye wa zamani zaidi kazini. Akanigeukia, kwa upole kabisa, ndiyo iliyoniuma: "Mukendi, weye hata mara moya haukukanyaka kule." Watu wote walitazama chini. Ilunga naye alitazama chini, na kofia yako kichwani. Mama Georgette alisema basi tutaona, bado kuna wiki tatu.

Kesho yake nilimwambia Mama kwamba nakwenda Likasi kumwona dada yangu anaumwa. Dada yangu hakuwa anaumwa. Nilipita Likasi bila kuteremka.

Treni ile, Patron, unaijua, haina siku wala saa. Tulisimama Tenke mpaka watu wakawasha majiko kando ya reli na kupika. Tulisimama tena mahali ambapo hakukuwa na kituo kabisa. Nilikaa karibu na mama mmoja mwenye magunia ya unga, akaniuliza naenda kufuata nini Bukama, nikamwambia naenda kuona. Akasema kuona nini, halafu akanionea huruma akanipa karanga.

Tulifika asubuhi. Niliteremka nikasimama kwenye kituo kama mtu aliyeitwa na anayemngoja hajaja. Nilitafuta kile kituo chako chenye ukuta wa njano na mzungu wa kofia. Ukuta upo, njano imebaki chini ya paa tu, mvua haijafika hapo. Nikamuuliza kijana wa baiskeli kama anamjua papa Numbi, maana hilo jina nililisikia kinywani mwako miaka yote, rafiki yako wa utoto, aliyekaa bandari ya zamani. Kila mtu anamjua. Na nilipofika mlangoni kwake, Patron, niliona haya kusema mimi ni nani. Nilisema mimi ni mtu wa Lubumbashi, nina tablo yako nyumbani, nimetaka kuuona mji wenyewe. Uongo wa pili katika safari moja. Mzee alifurahi sana. Alivaa viatu, akachukua fimbo, akasema twende.

Alinionyesha kila kitu, kimoja kimoja, na kila kitu kilinichoma. Daraja kwanza. Lile daraja la chuma ulilomwambia Ilunga aliweke kila mara karibu na kanisa. Kumbe kanisa liko mbali, lazima utembee jasho likutoke ndipo ulifikie. Papa Numbi alicheka akasema ulilivuta ili viwili vikae juu ya kochi moja. Nilicheka naye, lakini ndani nilisema, Ilunga alilijua hili, miaka ishirini analijua, na hakuniambia.

Halafu bandari. Ghala zimebaki kuta, mipapai imeota ndani. Kwenye ukingo kuna pete za chuma, nene kama mkono wangu, walikokuwa wakifungia mashua, na chini kidogo, ndani ya matete, tumbo la mashua moja lenye kutu, ndege wamejenga humo. Kwenye tablo zetu bado inafuka moshi. Mzee alisema wewe na yeye mlikuwa mnakwenda kuoga pale mkiwa wadogo na mamaye alikuwa akiwafukuza na mwiko kwa hofu ya mamba. Nikawaza, huyu ana utoto wako, Ilunga ana viangazi vyako, mke wako ana nyumba yako. Mimi nina nini?

Akanipandisha kilimani kwenye nyumba za wazungu wa zamani, zile za baraza pana, sasa kila baraza ina familia tatu na nguo zimeanikwa. Kutoka pale unaona mto wote, unavyokuja na kujikunja na kwenda kupotea kwenye mabwawa kuelekea maziwa ya Upemba. Akanipeleka misheni, kanisa la matofali mekundu, ndani baridi nzuri, akanionyesha benchi ulilopenda kukaa, la nyuma, karibu na mlango. Hapa mjini hukuwa unakwenda misa, Patron. Kule ulikuwa unakwenda. Akanipeleka soko la samaki, tilapia wamepangwa, kambale wamekunjwa mkia mdomoni na kukaushwa moshi, na akina mama walipomwona mzee wakamuuliza Kasongo mchoraji, yaani wewe, atakuja lini mwaka huu. Hawakuwa wamesikia. Ilibidi yeye, aliyepata habari kwa mdogo wako, awaambie. Mmoja alikaa chini na kujifunika kitenge uso. Nilisimama pale na ile miaka yangu ishirini na mbili ya kuwa nawe, nikamwonea wivu hata mwanamke anayekulilia.

Mto nimeuacha mwisho makusudi.

Ni wa udongo. Ni rangi ya chai ya maziwa, na kando una kijani kizito, na unakwenda polepole mpaka unadhani umesimama. Visiwa vya majani vinapita katikati, vimeng'oka huko juu, vina ndege juu yake, vinakwenda zao. Unanuka matope na samaki. Hauna wimbi. Mimi, Patron, nimeuchora bluu. Bluu ile ya kwangu, na mistari myeupe, na mwanga unaotoka chini kama kuna taa ndani ya maji. Tablo labda elfu, na zote uongo. Nilichuchumaa nikaingiza mkono, nikautoa, nikaona aibu ya mwaka wangu wa kwanza hadi wa mwisho. Nikawaza jinsi mlivyokuwa mkirudi, wewe na Ilunga, mnasimama nyuma yangu mnatazama nikichora bluu, na nyote mnajua, na hakuna anayesema kitu. Niliwachukia wote wawili pale ukingoni. Nakuambia kweli.

Papa Numbi alinipeleka kwake kula. Kwenye salon yake, juu ya kochi, nilikuta tablo yetu. Ya zamani, nadhani mwaka wangu wa tatu, kitambaa kimeanza kulegea pembeni. Alinikalisha mbele yake akasema hii Kasongo alimletea mwenyewe begani, kwenye treni, na watoto wake wanaosoma mbali wakirudi hukaa hapa kuitazama wakati mto wenyewe uko nyuma ya nyumba. Nikasema, kwa sauti ya mtu asiyejali, lakini maji hayafanani. Akasema hayafanani kabisa. Akatafuna.

Halafu akasema naye alimuuliza Kasongo jambo linalogusa maji hayo, na zaidi ya mara moja. Kwa nini kila mwaka unakuja na huyu Ilunga? Lete siku moja yule anayechora maji, tumwone. Ukamjibu kwamba Ilunga lazima umlete, bila kuona kitu hawezi kukichora, hata mama wa samaki ni lazima umsimamishe mbele yake aone anavyokunja mguu. Na yule mwingine je? Papa Numbi aliweka kijiko chini akasema maneno yako kama ulivyoyasema, kwa lugha yetu ya huku.

"Ule, hapana. Siku ataona huyu muto, mayi yake itakwisha."

Nikiuona mto, maji yangu yatakwisha. Nilikula samaki wote, na mifupa karibu niile. Yeye aliendelea, hakujua anaongea na nani. Alisema ulimwambia kwamba wewe humweleza yule mtu habari za mto wakati anafanya kazi, unakaa kwenye kopo la rangi unasimulia, ulivyokuwa mtoto, jinsi maji yalivyong'aa siku mama yako aliporudi na mashua, na yeye anachora vile anavyosikia. Na kwamba hayo ndiyo maji uliyokuwa ukiyaona ukiwa mtoto, na wewe mwenyewe ukija Bukama siku hizi huyaoni tena, unayaona Katuba tu, mkononi mwa yule mtu.

Patron, kwa nini hukuniambia mimi? Neno dogo tu. Ungenipa neno hilo moja nikiwa na miaka ishirini na tano ningelala vizuri miaka yote iliyobaki. Lakini najua ungesema nini. Ungesema, Mukendi, ukijua unachora nini, utakichora vibaya. Huenda. Lakini mimi nilikuwa naumwa, na dawa ulikuwa nayo mfukoni.

Nilirudi. Na nilipofika, kabla ya kumsalimu mtu, nilitandaza kitambaa kidogo kujaribu. Nilichanganya bluu kama siku zote. Mkono ukaanza vizuri, halafu ukaongeza udongo wenyewe. Nilikifuta. Cha pili kilitoka kijani. Cha tatu nilifumba macho nikajaribu kukusikia ukisimulia, nikasikia papa Numbi akitafuna. Maji yalitoka ya kweli kabisa, mtu wa Bukama angesema huyu ameufikia mto, na yalikuwa hayana uhai wowote. Nimejaribu kila siku tangu hapo. Yamekwisha, kama ulivyosema.

Basi tazama wivu ulivyonifanya. Ulininyima mji mmoja ili nibaki na kitu changu, na mimi nikaiba safari kwenda kukitupa mtoni. Sasa simwonei wivu Ilunga peke yake. Namwonea wivu yule Mukendi wa mwaka jana, mjinga aliyekaa Katuba ananung'unika na burashi ya bluu mkononi. Huyo ndiye ninayemwonea wivu kuliko wote, na siwezi hata kumchukia vizuri.

Ilipobaki wiki moja, Mama Georgette aliniita nyuma ya nyumba akasema ameamua. Alitaka mimi niweke watu. Alisema mdogo wako aseme anavyotaka, wewe ulikuwa ukiniita mkono wako wa pili. Neno hilo nililisubiri nusu ya maisha yangu, Patron, na lilikuja siku ambayo siwezi kulipokea. Ningeweka watu wa kweli, wanaokunja mguu kama nilivyowaona sokoni, na ningeanza kusahihisha. Ningeshusha daraja, ningefuta moshi, na mwisho ningeyagusa yale maji. Najijua. Nilimwambia ampe Ilunga. Alinitazama sana. Alidhani nimemkasirikia.

Ilunga ameweka watu siku tatu. Nilikuwa pale nikichanganya rangi kwa ajili yake, mimi, kumchanganyia yeye. Na nikuambie, amewaweka vizuri, roho iliniuma jinsi alivyowaweka vizuri. Wavuvi wawili, mama wa samaki, watoto kwenye ngazi za bandari. Pembeni aliandika jina lako, si lake. Kofia aliivua kabla ya kuandika. Sikutegemea, na sijui bado nimsamehe au nimwonee wivu kwa hilo pia.

Alipomaliza alibaki amesimama mbele ya tablo, burashi inadondosha rangi sakafuni, anayatazama yale maji yangu ya bluu, ya mwisho niliyoyachora kabla ya kuona. Sijawahi kumwona Ilunga akitazama kitu namna ile, naye ni mtu aliyekula Bukama viangazi ishirini. Halafu akaniuliza, taratibu, bila kunigeukia: "Mukendi, mayi ya hivi uliionaka wapi?"

Nikamwambia sijawahi kuona mto wowote.

Ndiyo hiyo ahadi yangu kwako, Patron. Jumamosi tunatoa kilio, tablo itakuwa juu ya kochi lako, watu watakula na kuisifu, na mtu akiniuliza kama nimefika Bukama nitasema hapana, na nitakaposema hapana nitakuwa nimekaa kando ya ukuta nikiitazama kama wao. Nenda salama. Nitajibu hivyo mpaka siku yangu.

Mukendi wako wa maji